Sifa za Simu ya Mkopo Iliyofungwa

Kati ya bidhaa zote zinazouzwa Mwanza, kuanzia dagaa wa Mwaloni Kirumba hadi mitumba ya Mlango Mmoja, hakuna iliyolaumiwa sana na kusifiwa kidogo kama simu ya mkopo, hasa ile ambayo mwenyewe ameacha kuilipia kabla ya mkataba kwisha. Simu ya mkopo ni simu janja ambayo mnunuzi huichukua dukani kwa kutoa kianzio, yaani sehemu ndogo ya bei, kisha humalizia kwa rejesho la kila siku au la kila wiki, huku ndani ya simu hiyo ikikaa programu ya mkopeshaji yenye uwezo wa kuifunga siku rejesho linapokosekana. Kufungiwa huko mitaani huitwa kulokiwa, na aliyelokiwa hutambulika upesi, kwa kuwa ndiye abiria pekee kwenye kivuko cha Kamanga anayetazama ziwa.

Kusifu kitu kinachodharauliwa ni sanaa ya siku nyingi. Lucian wa Samosata alimtungia nzi sifa zake katika karne ya 2, Erasmus akausifu ujinga katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, na Usukumani kwenyewe vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana vizazi kwa vizazi, kila kimoja kikijitukuza na kumchamba mpinzani, mbele ya watazamaji ambao kura yao ni miguu yao, maana huhamia palipochangamka zaidi. Simu iliyofungwa haijapata manju wa kuiimbia, na upungufu huo ndio unaotafutiwa dawa hapa.

Nasaba yake kwanza, kwa sababu msifiwa asiye na ukoo hasifiki. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, kampuni za simu zilimuuzia mteja simu kwa bei iliyo chini sana ya gharama yake kwa sharti kwamba asaini mkataba wa huduma wa miaka 2, na pengo la bei likazibwa polepole ndani ya bili ya kila mwezi. Punguzo hilo liliitwa ruzuku, ingawa ruzuku inayolipwa na mpokeaji mwenyewe ni ruzuku ya aina yake. Mwaka 2008 iPhone 3G iliuzwa kwa utaratibu huo kwa dola 199. Aliyetaka kutoka kabla ya muda alitozwa ada ya kuvunja mkataba, na Novemba 2009 kampuni ya Verizon ilipandisha ada hiyo, kwa wenye simu janja, hadi dola 350, ikipungua dola 10 kwa kila mwezi ambao mteja alikuwa amekaa. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba aliyetoka mwezi wa 23, akiwa amebakiza mwezi mmoja tu, bado alidaiwa dola 120. Hata hivyo kanuni yenyewe ilikuwa na uungwana ndani yake, kwani kadiri mtu alivyokaa ndivyo mlango wa kutokea ulivyozidi kuwa nafuu, na akishalipa alitoka na simu yake mkononi, akaiuza au akaitumia apendavyo.

Utaratibu huo haukuota mizizi Tanzania, na sababu haiko mbali. Karibu kila mwenye laini hulipa kabla ya kutumia, kwa vocha au kwa kununua bando, hivyo hakuna bili ya mwezi ambamo deni la simu lingefichwa, wala mkopeshaji hana uhakika kwamba mteja wa leo hatakuwa na laini ya mtandao mwingine kesho. Ilibidi atafute mateka mwingine, na kielelezo alikikuta kwenye mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo, ambayo kampuni kama M-KOPA ya Kenya iliieneza katika muongo wa 2010, kwa ufundi wa kuzima taa ya mdaiwa kutoka mbali. Kutoka taa hadi simu kulikuwa ni kuvuka kijito tu: mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha nchini Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, wa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na Tanzania nayo ikapata mipango ya sura hiyohiyo. Yote haya yasingewezekana bila pesa za simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008 kwa M-Pesa, maana hakuna karani ambaye angekubali kupanda boti kila asubuhi kwenda kisiwa cha Ukara kukusanya shilingi elfu moja moja.

Hapa ndipo simu ya mkopo inapomzidi babu yake wa Marekani, kwa kuwa imeigeuza kanuni yake juu chini. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, simu ambayo kianzio chake ni shilingi 50,000 na rejesho lake ni shilingi 1,000 kwa siku kwa mwaka mzima, jumla shilingi 415,000. Anayeshindwa siku ya 10 amekwishatoa shilingi 60,000. Anayeshindwa siku ya 300 amekwishatoa shilingi 350,000. Na wote wawili, mchana huohuo, wanabaki na kitu kilekile mkononi, kioo cheusi chenye maandishi ya kuomba rejesho. Kwa mkataba wa Marekani uaminifu ulipunguza adhabu ya kuondoka. Kwa mkataba huu uaminifu ndio unaoiongeza. Mtu aliyelipa miezi 10 bila kukosa huadhibiwa zaidi kuliko ayari aliyekusudia tangu mwanzo kutoa kianzio na kupotea, na ni vigumu kupata shule nyingine, ya dini au ya serikali, inayofundisha somo la kutoshikamana na mali kwa bidii kiasi hicho. Wavunjaji wa mapema, wanaotukanwa vijiweni kuwa ni watu wasio na msimamo, kumbe walikuwa wanahesabu vizuri.

Fadhila yake ya pili ni kwamba haina uso. Mkopo wa Kanda ya Ziwa umekuwa kwa muda mrefu jambo la watu wanaojuana. Mvuvi huchukua nyavu, mafuta na chakula kwa tajiri wa mtumbwi, na deni hukatwa kwenye samaki. Mkulima wa pamba, tangu enzi za Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria ulioundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, alizoea ushirika kuwa mahali ambapo pembejeo hutangulia na malipo hufuata mavuno. Mipango hiyo ilikuwa na dosari zake, na wapo waliokatwa zaidi ya walichokopa, lakini ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa zaidi machoni pa mhasibu, nao ni kwamba mkopeshaji alikuwa na masikio. Tajiri angeweza kuambiwa kuwa injini imekufa, kwamba kuna msiba, kwamba mtoto amelazwa Bugando, akanuna, akatukana, kisha akasubiri wiki. Simu haiambiwi. Inamfunga muumini na mlevi kwa dakika ileile, haiulizi kabila wala chama, haipokei soda, na haijawahi kumwonea haya mkwe. Usawa mbele ya sheria, ambao katiba nyingi za dunia zinauahidi, umetimizwa kikamilifu na programu isiyozidi ukubwa wa wimbo mmoja wa bongo fleva.

Ukamilifu wa usawa huo huonekana zaidi kwenye mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hutia nanga na samaki hupokelewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi nyingi zikiwa za betri na sola, kwa sababu dagaa huvutwa na mwanga na kukusanyika chini ya mtumbwi mahali ambapo wavu unawangoja. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi unapopevuka, mwanga wa taa humezwa na mwanga wa mbinguni, dagaa hutawanyika, na mitumbwi hupandishwa mchangani kwa siku kadhaa, siku ambazo wavuvi huziita za mbalamwezi na huzitumia kushona nyavu, kulala na kudaiwa. Mapato ya mwalo mzima, pamoja na ya kina mama wanaoanika dagaa kwenye chanja na ya mwenye kibanda cha chai, hupanda na kushuka kwa mzunguko huo wa siku 29 na nusu. Rejesho halina mzunguko. Linadaiwa usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, na ndiyo maana wakati ambapo kisiwa kizima kina nafasi ya kupiga simu kwa ndugu ndio wakati ambapo simu nyingi zimenyamaza. Mtaalamu wa elimu ya nyota angetamani chombo cha namna hii, kinachoweza kuonyesha mwezi mpevu kwa kuzimika.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyelokiwa anaweza kwenda kwa fundi. Kauli hiyo inahitaji ufafanuzi, kwa sababu kufuli ni za aina mbili na huchanganywa. Ya kwanza ni kufuli ya mtandao, inayoifanya simu ikatae laini za kampuni nyingine, na hiyo ilipatikana kwenye simu za bei nafuu zilizouzwa na kampuni za simu zenyewe. Nchini Marekani kuifungua kwa uhuru kulihitaji sheria ya bunge, iliyosainiwa Agosti 2014, na katika vibanda vya katikati ya jiji la Mwanza kulihitaji fundi, kebo na subira. Ya pili, kufuli ya deni, ni ngumu zaidi. Fundi anaweza kuiflashi simu, yaani kufuta kila kilichomo na kupakia programu upya, lakini simu hiyo imeandikishwa mbali kwa IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha kila simu duniani, hivyo inapogusa intaneti tu hukumbushwa kwamba ina deni, kama mtu aliyehama mji akakutana na mdai wake stendi ya Nyegezi. Kuibadili namba yenyewe ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hata hivyo jitihada hizo zimewapatia vijana wengi elimu ya programu na mawasiliano ambayo hawakuipata darasani, na ada yake imelipwa na wadaiwa.

Raia wa Tanzania, kwa haki, hakuwa mgeni kabisa wa kufungiwa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia, na kwa wiki kadhaa watu wa rika zote walikuwa wakibonyeza *#06# kuona kama simu zao ni za halali. Januari 2020 zikaanza kuzimwa laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole. Katikati ya hayo, Machi 2017, namba ya simu ilipewa uhuru wa kuhama mtandao bila kubadilika, jambo jema sana, ambalo kwa mwenye simu ya mkopo lina ladha ya pekee, kwa sababu namba yake iko huru kwenda itakako na simu yake haiwezi hata kupokea picha ya mjukuu.

Kuhusu matumizi ya simu iliyofungwa, maneno machache yatatosha. Kioo chake hufaa kwa mtu anayerekebisha kilemba, uzito wake huzuia risiti zisipeperushwe na upepo wa ziwa, na mtoto akiiangusha hakuna anayepiga kelele. Kwa upande wa amani ya nyumbani, haina ujumbe wa kuchunguzwa usiku. Inaweza pia kuwekwa mezani wakati wa kikao, ikimpa mwenyewe heshima ileile ya simu inayofanya kazi, mradi asiulizwe namba. Ikilinganishwa na ile mikopo ambayo watu wameibandika jina la kausha damu, ambayo mdai wake hufika hadi kwenye godoro na sufuria, simu ya mkopo ina staha: huchukua kile tu ilichokileta, na huondoka bila kutoka mfukoni.

Ikiwa sifa hizi zimewafikia waandaaji wa mikataba hiyo maofisini mwao Dar es Salaam, wanaombwa wazipokee kwa furaha, kisha watundike ukutani kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo, na jioni, kabla ya kumfunga mvuvi wa Ukara, wachungulie dirishani.