Heko kwa Huduma Isiyoamka

Bagika na Bagalu, wale wapinzani wa ngoma za Kisukuma, wakikutana uwanjani, kila upande hujisifia wenyewe mpaka vumbi linatimka, na hakuna anayeona vibaya. Nami naomba uwanja kidogo. Sitaki kusifu ng'ombe wala dawa za ngoma. Nataka kuisifu ile huduma ya zamani ndani ya seva ambayo umeme ukikatika na kurudi, wenzake wote huamka, yenyewe hubaki imelala fofofo.

Ipo moja ninayoifahamu vizuri, katika ofisi ya mzani ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huku upande wa Bariadi. Kazi yake ni kupokea uzito wa gari kutoka mzanini kwa waya wa siriali na kuuandika kwenye hifadhidata. Basi. Aliyeitunga aliondoka kitambo. Kaacha jina lake kwenye mstari wa juu wa skripti, pamoja na namba ya simu inayoanza na 0744, ya enzi zile kabla 0744 haijawa 0754. Hiyo ndiyo nyaraka pekee ya mfumo mzima.

Tazama kwanza inavyokusanya watu. Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi Mei, malori na matrekta ya kutoka Dutwa na Itilima yanapanga foleni tangu alfajiri. Umeme ulikatika usiku, umerudi, taa zinawaka, feni inazunguka, mzani wenyewe unaonyesha tarakimu nyekundu safi kabisa, ila kwenye kioo cha kompyuta uzito ni sifuri. Hapo ndipo bosi asiyeonekana wiki nzima anatoka ofisini. Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anasogea. Dereva anashuka.

"IT, vipi?"

"Haijaamka, bosi."

"Zima uwashe."

"Nimeshazima, bosi."

"Zima tena."

Mama karani hasemi kitu. Anavuta droo, anatoa kaunta buku, anapiga mstari kwa rula, na lori la kwanza linapanda mzanini. Ni semina gani ingewakutanisha watu hawa saa moja asubuhi bila posho?

Wapo wanaoiita mvivu. Wanaionea. Hii huduma ilizaliwa katika utaratibu wa foleni, ambapo Linux iliamsha huduma zake moja moja kwa namba: mtandao namba 10, hifadhidata ya MySQL namba 64, na yeyote mwenye shida ndogondogo namba 99, mwisho kabisa. Yetu ilipewa 99 ikaridhika. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaleta systemd, utaratibu mpya wa kuamsha huduma, na rai yao ilikuwa kwamba kungojana ni kupoteza muda, kila anayeweza aamke kwa pamoja. Kati ya matoleo ya Linux, Fedora ikakubali mwaka 2011, Red Hat mwaka 2014, Debian mwaka 2015. Seva zikaanza kuwaka haraka kweli. Ila huduma yetu, ambayo hakuna aliyeiandikia kwamba imfuate nani, sasa inafika kwa hifadhidata mapema mno, inabisha hodi mara moja, haijibiwi, inaondoka zake. Haigombi, hairudi. Kwa adabu ya kizamani hodi moja ilitosha, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameshaamka.

Na ni mwalimu. Kijana wa IT asiyesoma chochote atasomeshwa nayo. Kaihamishia kwenye CentOS 7, kaweka amri ya kuiwasha ndani ya faili la rc.local kama wazee walivyofanya, kazima, kawasha, kimya. Kumbe toleo hilo linakuja na rc.local iliyonyimwa ruhusa ya kutekelezwa, na maelezo ya kuirudishia ruhusa yamo ndani ya faili lenyewe, juu kidogo ya mahali alipobandika amri yake. Akishasoma hapo, anapewa somo la pili: huduma inaandika namba yake ya utambulisho kwenye folda ndogo chini ya /var/run, na siku hizi mahali hapo panaishi kwenye kumbukumbu ya muda, panafutika kila seva inapozimwa. Akiitengeneza folda kwa mkono, huduma inawaka vizuri, bosi anampongeza, chai inaagizwa. Umeme ukikatika tena, folda hakuna, huduma hakuna, na pongezi hakuna.

Aprili 1, 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipozimika, somo hili lilipatikana nchi nzima kwa wakati mmoja.

Kusema kweli, ninachokipenda zaidi ni ukaidi wake. Kile kibetri cha CR2032 kwenye ubao wa seva kikifa, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika. Programu nyingi za kisasa haziulizi. Zinaendelea kuandika stakabadhi za pamba ya mwaka huu kwa tarehe ya miaka hiyo, na mkulima ndiye atakayesumbuka kwenye malipo. Hii yetu ikiona tarehe iko nyuma ya uzito wa mwisho ilioandika, inagoma. Bora mzani uliokufa saa moja asubuhi mbele ya watu wote kuliko unaodanganya mpaka msimu uishe.

Hata Microsoft waliinyooshea mikono. Windows huipa huduma sekunde 30 ijibu, la sivyo inatoa kosa namba 1053. Lakini kwenye Vista, mwaka 2007, wakaongeza chaguo la huduma kuanza kwa kuchelewa. Uchelewaji ukawa rasmi, wenye kitufe chake.

Dawa ipo, na ni fupi: faili dogo la systemd lenye mstari wa kusema ianze baada ya hifadhidata, wa kuitengenezea folda kila inapowaka, na wa kuijaribisha tena ikishindwa. Halafu betri mpya. Tena si vizuri kukawia, maana toleo la 254 la systemd, la mwaka 2023, lilishatangaza kwamba skripti za mtindo ule wa zamani wa namba zitaachwa bila mlezi. Kiwandani wamekubali kabisa. Wamesema ngoja kwanza msimu uishe, kama walivyosema msimu uliopita, na mama karani ameshanunua kaunta buku jipya.