Upepo wa Mang'ola

Marafiki wa mjini wakishachoka kuwapiga picha tembo wa Ngorongoro, huteremka kutoka Karatu hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kufundishwa shabaha na Wahadzabe. Huko Ulaya wenye fedha zao hurushiwa visahani angani, wakavifyatulia bunduki. Hapa kisahani ni kisiki. Hakiruki, hakikimbii, na bado kinasalimika.

Upinde wa Mhadzabe si pambo la sebuleni. Kamba yake ni kano za mnyama; chuma cha mshale hufuliwa na wahunzi wa Kidatoga kwa misumari na vyuma chakavu, kikalipwa kwa asali au nyama. Bwana mwenye kifua cha jimu anaushika kwa mbwembwe, anavuta, anatetemeka, kamba inagoma nusu njia. Mshale unadondoka karibu na raba zake mpya.

"Upepo huu, jamani," anasema. Hakuna jani linalotikisika.

Kijana wa Kihadzabe, ambaye hajawahi kulipia uanachama wa klabu yoyote, anapachika mshale katikati ya kisiki huku akimsikiliza mwongoza watalii. Hacheki. Ana adabu zake. Tena kuna gari jingine la wageni linapaki.

Jioni, Karatu, mtandao unarudi na picha inapanda: bwana kashika upinde, mshale u katikati ya kisiki. Pongezi zinamiminika, "Simba wa Eyasi!" Aliyeupiga mshale huo naye yumo pichani, ila amekatwa kuanzia kiwiko.