Sifa za Mbolea ya Serikali

Wapo wanaoilalamikia mbolea ya ruzuku kila msimu. Hawana shukrani. Septemba 2022 serikali ya Kenya ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na Agosti 2023 ikaishusha tena hadi 2,500. Tangu hapo, mkulima wa kaunti ya Trans Nzoia amefunzwa na mfuko huo mambo ambayo afisa wa kilimo hakuwahi kumfunza.

Kwanza, subira. Unajiandikisha kwa chifu, unataja ekari zako (msimu wa kujiandikisha mashamba hupanuka bila mtu kung'oa kisiki), kisha unangoja ujumbe kwenye simu. Mahindi ya huku hupandwa kwa mvua za Machi na Aprili, lakini ujumbe hauna papara. Ukiingia Mei, mbolea ya kupandia inayakuta mahindi yamefika magotini, nawe unabaki kutafakari: uifukie kando ya mashina, au uiweke hadi mwakani? Mbolea ya dukani haijawahi kumfikirisha mtu kiasi hicho.

Halafu foleni! Nje ya ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, inakochukuliwa mbolea hiyo, mwalimu mstaafu na mama mboga hulala bega kwa bega wakingoja sistimu irudi. Mwenye chai anauza, mwenye mandazi anauza, hamali anapata, bodaboda anapata. Hata broka, huyo mwenye huruma, yuko kwenye kichochoro cha pili na mifuko ile ile, na kwake hakuna laini wala sistimu.

Ila niseme bila mzaha kidogo: bei yenyewe ni nafuu kweli, na aliyeipata mapema huvuna. Tatizo ni hesabu ya njiani. Mwenye ekari mia huja na lori, na nauli ikigawanywa kwa mifuko yote haiumi. Mwenye nusu ekari hubeba mfuko mmoja kwa bodaboda, na akikuta mzigo umekwisha, kesho hupanda tena bodaboda. Punguzo lake limeliwa kabla halijafika shambani. Basi tuisifu ruzuku hii kwa kutobagua: mwenye lori na mwenye bodaboda wametozwa bei moja.

Lakini utukufu wake ulionekana 2024, ilipobainika kwamba baadhi ya mifuko ilikuwa na kitu kisichofikia viwango vya mbolea. Watu wakakasirika. Mimi nauona ni unyenyekevu: ni pembejeo gani nyingine hukubali kuingia shambani isijionyeshe kabisa? Na pale ilipokataa kuotesha mahindi, Nairobi ikaotesha kamati: wabunge 11 wa kumchunguza Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi. Mwezi huo huo wa Mei, wengi wao wakasema tuhuma hazikuthibitishwa. Kwa zao linalokomaa upesi hivyo, hata mbegu za muda mfupi za nyanda za chini zingeona haya.

Mavuno nayo yakiwadia, wengi huelekea lango lile lile la ghala la Bodi, safari hii na mahindi ya kuuza. Kipimo kikionyesha unyevu umezidi asilimia 13.5, unaambiwa urudi ukaanike. Aliyelala pale Machi hababaiki. Blanketi analo, na mwenye chai anamjua kwa jina.