Jinsi ya Kuangusha Roketi kwa Sekunde 40

Ukitaka roketi mpya ianguke, huhitaji baruti wala hujuma. Chukua programu iliyoiongoza vizuri roketi ya zamani, ihamishie kwenye mpya, uiache kama ilivyo. Ndivyo ilivyofanyika kwa Ariane 5, iliyorushwa Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996.

Programu ya mtambo wake wa kupima mwelekeo ilitoka Ariane 4. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya kuuweka sawa mtambo kabla ya kuruka. Roketi ikishapaa, hesabu hiyo haina kazi tena, lakini wewe iache iendelee. Kisha chukua namba ya biti 64, inayotokana na kasi ya kwenda upande, uisukumize kwenye nafasi ya biti 16. Nafasi hiyo mwisho wake ni 32,767. Ariane 4 haikuufikia mwisho huo. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine, ikaupita kabla ya sekunde 37.

Mtambo wa akiba nao uwe na programu ileile, ili ufe kwa ugonjwa uleule. Siku ile wa akiba ndio uliotangulia kuzima. Ule uliokuwa kazini ukafuata, ukaipelekea kompyuta kuu taarifa za hitilafu yake. Kompyuta ikazisoma kana kwamba ni mwelekeo wa roketi, ikageuza midomo ya injini hadi ukomo kurekebisha kosa ambalo halikuwapo. Roketi ikapinda, ikaanza kuvunjika, ikajilipua pamoja na setilaiti nne za mradi wa Cluster ilizozibeba.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu hakuna bolti iliyolegea. Roketi ni mwendo unaobadilika mfululizo, na papo hapo ni kompyuta inayoamua kwa hatua. Ukipima kimoja bila kingine, vyote utaviona vizima. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilikuta kwamba mtambo ule haukujaribiwa kwa njia halisi ya Ariane 5. Modeli ya safari ile, ikipitishwa ndani ya programu yenyewe, ingelionyesha kosa mezani.

Wewe unayeandika programu ya breki, ya lifti au ya mashine ya kupumulia, usiazime msimbo kabla hujathibitisha kila namba yake itafika wapi katika chombo chako kipya.