Mashindano ya Kubweka Mwembeni

Katika nchi iliyokuwa ng'ambo ya mito saba, ambako wenyeji walihifadhi mahindi yao katika ghala moja la wote, alizaliwa mbwa mweupe pe, asiye na doa hata moja, wakamwita Pamba. Siku ya 14 masikio yake yalifunguka kama ya ndugu zake, lakini hata mwezi haukutimia, sauti zikamzimikia; kwani ile rangi iliyokosekana kwenye manyoya yake ilikosekana vilevile ndani kabisa ya sikio, na huko ndani rangi si pambo, bali chembe zake ndizo zinazovitunza vinyweleo vinavyonasa sauti.

Watu hawakuyajua hayo. Aliitwa hakuitika, wakasema ni jeuri. Alipigiwa mluzi hakugeuka, wakasema sikio la kufa halisikii dawa, na fimbo ikafanya kazi mgongoni mwake. Ikawa hivyo mpaka Bi Kizee aliyelinda ghala alipodondosha mfuniko wa sufuria nyuma yake: wazee waliokuwa barazani waliruka kwa mshtuko, Pamba akaendelea kulala. Bi Kizee akapiga mguu chini mara moja, mtetemo ukapita ardhini, na Pamba akainua kichwa akamtazama.

"Huyu si jeuri," akasema. "Huyu hasikii."

Tangu siku hiyo alimsemesha kwa mikono: kiganja kikiinuliwa, simama, kikishushwa, lala, vidole viwili vikigusa kifua, njoo ule. Wala hakumwamsha kwa kumshika ghafla. Aliweka kiganja karibu na pua yake ili harufu itangulie, maana anayelala bila kusikia hatua za watu hushtuka akiguswa, na mbwa akishtuka hutanguliza meno.

Bi Kizee alipofariki, Jumbe aliwakusanya wazee wake kumi na wawili, wenye majoho, wakakubaliana kwamba Pamba asiachwe peke yake, atafutiwe mwenzake wa kulinda naye. Maneno yalikuwa mema kabisa. Kisha Jumbe akauliza mbwa bora ni yupi, na wote kumi na wawili wakajibu kwa kauli moja kwamba mbwa bora ni yule anayebweka kwa nguvu kuliko wengine.

Basi yakatangazwa mashindano chini ya mwembe mkubwa. Mikeka ilitandikwa, kahawa ikapitishwa, na mzee mmoja akavushwa kwa mtumbwi hadi ng'ambo ya mto ili apime sauti ipi inafika huko. Walibweka mbwa wa kila namna tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka alipopanda jukwaani dume mmoja mnene aitwaye Radi. Alipofungua kinywa, kuku walitimka, mtoto mchanga akaangua kilio, na embe moja bivu likaporomoka mbele ya karani, naye karani akaliandika embe hilo katika daftari kuwa ni ushahidi. Radi akavishwa ukosi wa ngozi wenye shanga, akakatiwa posho ya nyama ya kila siku. Pamba siku hiyo alifungwa nyuma ya ghala, asije akavuruga shughuli.

Jioni ileile Radi aliingizwa katika ua ambao Pamba aliuona kuwa wake tangu utotoni, wakawekewa chakula katika sufuria moja. Pamba alisogea kula, Radi akanguruma. Kunguruma kwa mbwa si ubaya. Ni onyo la kiungwana kabla ya jino, na mbwa anayelisikia hurudi nyuma hatua moja, mambo yakaisha. Pamba hakurudi. Alisogea tena, na sikio lake la kushoto likachanwa hadi katikati.

Baraza likakaa. Mashahidi watatu wakaapa kwamba Radi alimwonya Pamba mara tatu, waziwazi, na mashahidi walisema kweli, maana wao walisikia. Ikaamuliwa kwamba Pamba ana kiburi na hana shukrani.

Mwezi uliofuata magunia saba yalitoweka. Radi alikuwa amebweka usiku kucha kama kawaida yake, akiubwekea mwezi, upepo na bundi, huku Pamba amelala kwenye kona yake na jeraha lake. Wazee wakasema sauti haikutosha, wakaajiri mbwekaji wa pili. Yakatoweka magunia kumi na moja. Wakaongeza wa tatu, na mpiga ngoma. Kadiri ghala lilivyopungua ndivyo kelele zilivyozidi, wenyeji wakawa hawapati usingizi wala unga, na kila mavuno karani alisoma taarifa ndefu yenye hesabu ya mibweko iliyotolewa.

Ndipo alipojitokeza mjukuu wa Bi Kizee, binti mchunga mbuzi, akapiga magoti mbele ya baraza.

"Shikamooni, babu zangu."

"Marahaba, mjukuu."

"Naomba kuuliza. Hawa wenzi mliowachagua, ni wenzi wa nani?"

"Wa Pamba."

"Basi naomba Pamba naye aje achague."

Mzee mmoja akacheka hadi kahawa ikamwagika. "Mwanangu, asiyesikia ataamuaje sauti ipi ni nzuri?"

Binti hakujibu. Alikwenda akamfungua Pamba, akamwita Tulia, jike la makamo lenye rangi ya vumbi, ambalo mashindanoni lilitolewa mapema kabisa, akawapeleka kwenye mchanga wa kando ya mto ambao haukuwa wa huyu wala wa yule. Kwanza aliwatembeza upande mmoja, kila mmoja na njia yake, mpaka mikia yao ikalegea. Tulia alipomkaribia Pamba hakumjia usoni. Alizunguka kwa upinde, akainamisha kifua mchangani na kuinua kiuno, na Pamba, ambaye lugha ya mwili hakuipoteza hata neno moja, akainama vilevile. Katika mchezo akamng'ata kupita kiasi. Mbwa mwingine angelia kwa sauti, na kilio kingepotea bure. Tulia alimpa mgongo, akaondoka, akarudi baada ya kitambo. Mara ya tatu Pamba alilegeza taya. Usiku, waliporudi ghalani, walikula katika sufuria mbili, kila moja kona yake, kisha Tulia akaja mwenyewe akalaza mgongo wake ubavuni mwa Pamba.

Siku ya kumi na mbili, usiku wa giza totoro, Tulia aliinuka bila kutoa sauti. Ubavu wa Pamba ukapoa, naye akaamka. Alimgusa mwenzake kwa pua, akahisi shingo yake imekakamaa kuelekea mlango wa nyuma, wakaondoka pamoja. Asubuhi magunia yalihesabiwa, halikukosekana hata moja. Kwenye miiba ya ua kilining'inia kipande cha joho, na kijijini pale majoho yalikuwa kumi na mawili.

Baraza halikukizungumzia kipande hicho. Lilikutana adhuhuri, likaamua kwamba Tulia hakupitia utaratibu, likamtoa ghalani, na likatangaza mashindano mapya ya kubweka, yenye jukwaa refu zaidi na zawadi nono zaidi. Binti amekataa kukirudisha kile kipande cha joho. Amekihifadhi katika kanga ya bibi yake.

Nawe unayenisikiliza, siku ukialikwa chini ya mwembe ule, hata kama kahawa ni tamu na sauti ya mbwa aliye jukwaani inakutetemesha kifua, usipige makofi kwanza. Simama, zunguka nyuma ya ghala, umfungue Pamba.