Jemadari, Mizani na Mbuzi ya Mama Mkwe

Kama wewe ni baba wa familia, una kitambi cha kiasi na unaishi kwa amani, nakuomba jambo moja: usiruhusu mizani iingie nyumbani kwako. Kwangu iliingia ndani ya mfuko wa sokoni, imelazwa chini ya mafungu ya mchicha, ikafika sebuleni kabla sijapata nafasi ya kupinga. Aliyeileta ni Jemadari, yaani mama watoto wangu, mwanamke anayeweza kuendesha kikao cha vikoba, kamati ya harusi ya jirani na zamu za maji za mtaa mzima kwa siku moja, na jioni bado akauliza nani kala kipande cha samaki kilichobaki kwenye hotipoti.

"Baba Nasra, panda."

Nikapanda. Katika ndoa zipo amri ambazo mtu haulizi sababu.

Mizani ikasema kilo 89. Hapo ndipo alipojitokeza Mkaguzi, kijana wangu wa kidato cha pili. Jina hilo alilipata mapema, kwa kuwa hajawahi kupokea chenji dukani bila kuihesabu mbele ya mwenye duka, tena kwa sauti. Akaeleza kwamba uzito wa mtu haupimwi peke yake. Unagawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu huohuo. Akaandika nyuma ya risiti ya umeme: 89 gawanya kwa 1.7 mara 1.7. Jibu likawa 30.8.

"Hongera baba," akasema. "Mtihani wa kidato cha nne, 30 ni D. Umepita."

Jemadari akamsahihisha. Kwenye kipimo hiki mtu anatakiwa abaki kati ya 18.5 na 24.9, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 jina lake ni kiribatumbo. Nikajitetea kisomi. Nikasema kanuni hii chanzo chake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtu wa hesabu na nyota, wala hakuwa daktari, na kwamba haitofautishi misuli na mafuta. Mbeba vyuma mwenye mwili wa haja naye anaweza kuambiwa amezidi. Je, kama zangu ni misuli?

Jemadari akanigusa tumboni kwa kidole kimoja. Kidole kikazama.

"Misuli hii," akasema, "imelala."

Akachukua tepu ya fundi cherehani, akanizungushia kiunoni: sentimita 104. Kwa mwanamume, ukivuka 102 hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inapanda sana, kwa sababu mafuta ya tumboni hujikusanya kuzunguka ini na matumbo. Wakati hayo yanasemwa, binti yangu Nasra, ambaye mtaa mzima unamfahamu kwa jina la Redio, alikuwa ameshavaa ndala. Kabla ya magharibi muuza genge alinipa pole.

Jikoni mambo yalibadilika usiku uleule. Sembe ilitolewa, dona ikaapishwa. Hoja ya Jemadari ilikuwa kwamba kwenye kukoboa, pumba na kiini cha mahindi huondolewa, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi zinazolifanya tumbo likae na shibe. Kwenye sahani nusu ikawa mboga za majani, robo ugali, robo maharage, dagaa au samaki. Sukari ya chai nayo ikapigwa marufuku nusu nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana mtu mzima asivuke takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, ambazo ni kama vijiko sita vya chai. Sisi kwetu vijiko sita ilikuwa kikombe cha asubuhi na salamu za kikombe cha saa nne.

Aliyekabidhiwa ulinzi wa mafuta ya kupikia ni dada wetu wa nyumbani, ambaye tangu siku hiyo anaitwa Dada Kijiko. Zamani alikuwa akimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, macho yakiwa kwenye tamthilia. Sasa anapima. Jemadari alimweleza kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4 tu, kwa hiyo kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120 hivi. Dada Kijiko akasikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama hizo kalori zinaisha ukimimina haraka.

Siku za mwanzo nilipungua vizuri mpaka nikaanza kutembea nimeingiza mikono mifukoni. Mkaguzi ndiye aliyenivunja moyo. Alisoma mahali kwamba wanga unaohifadhiwa mwilini hushikamana na maji, kila gramu moja na gramu kama tatu za maji, hivyo mtu akipunguza kula, kinachotoka kwanza ni maji. "Baba, hujakonda. Umekauka," akasema, na kwenye daftari lake akaandika hivyohivyo.

Kisha akaja Mama.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Unguja, na hajawahi kupanda boti kuja Dar es Salaam mikono mitupu. Safari hii alishuka na halua, visheti, mikate ya ufuta iliyofungwa kwa gazeti, na kikapu cha nazi, kwa sababu hauamini ule mnazi wa bara. Nilimwamkia, nikampokea mzigo, akanitazama kwa muda mrefu shingoni.

"Mwanangu, wamfanyaje mume wako?" akamuuliza Jemadari. "Mbona shingo yaning'inia?"

"Yuko kwenye lishe, mama."

"Lishe! Huko si ndiko kushindishwa na njaa?"

Sasa nikuulize wewe unayesoma, mteswa mwenzangu: mama mkwe akikuwekea kisheti kwenye sahani, akakaa mbele yako, akakutazama, utafanya nini? Daktari yeyote aliyewahi kuoa atakuambia ule. Nilikula. Jemadari mwenyewe, anayeogopwa na kamati ya maji, alikaa kimya, maana mbele ya mama yake cheo chake kinashuka mpaka ukoplo. Kesho yake tukala biriani. Kesho kutwa, pweza wa nazi. Mizani ilipopandwa tena, yale maji yote yalikuwa yamerudi na jamaa zake.

Kwa vile mbele ya chungu cha Mama hakuna mwenye sauti, Jemadari akahamishia vita kwenye mazoezi. Kamanda wa kikosi hicho alikuwa shemeji yangu, kaka yake, ambaye watoto wanamwita Mjomba Chuma. Shemeji ana uwanja wake wa vyuma nyuma ya gereji, vile vya mtaani: bomba la chuma, na kila upande kopo la rangi lililojazwa zege. Uzito halisi haujulikani, kwa kuwa aliyekoroga saruji hakupima. Yeye mwenyewe ana kifua kipana cha kutisha, lakini miguu yake ni ya korongo aliyesimama kwenye jaruba. Hufanya kifua Jumatatu, kifua Jumatano, na Ijumaa anapumzisha mgongo kwa kufanya kifua.

Nadharia yake, ukiondoa kelele, ni sahihi. Misuli hukua ikibebeshwa kidogo zaidi ya ilivyozoea, kisha ikapewa chakula na usingizi. Hapo hupenda kusimulia habari za Milo wa Croton, mpiga mieleka wa Ugiriki ya kale, ambaye hadithi husema alimbeba ndama kila siku mpaka akawa dume zima, na yeye akawa na nguvu za kumbeba. Jemadari alipoisikia akaniambia nianze na kitinda mimba wetu, aliye chekechea, nimbebe kila siku. Nilipiga hesabu. Kama nadharia ni ya kweli, kidato cha nne nitampeleka shule mgongoni, na yeye amekubali.

Siku ya kwanza shemeji alinifanyisha kuchuchumaa na kuinuka, kopo begani. Siku hiyo sikuhisi lolote, nikajisifu mpaka kwenye chakula cha usiku. Nadhani unajua kinachofuata. Maumivu ya misuli isiyozoea hayaji papo hapo. Hujipanga, yakafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Na choo chetu, kwa taarifa yako, ni cha kuchuchumaa. Kushuka nilishuka kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Kuinuka ndiko kulikokataa. Nilishika bomba la maji, bomba likalia. Nikaita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye heshima zake. Aliyesikia, katika nyumba yenye watu wote wale, ni Redio.

"Mama! Baba amekwama chooni!"

Nilitolewa na Mjomba Chuma, mlango nusu wazi, Mkaguzi akiuliza kama aandike. Jioni muuza genge alinipa pole ya pili, na limao la bure.

Baada ya aibu hiyo Jemadari akaamua kunisindikiza mazoezini, ati kunisimamia. Siku moja, akiwa amechoka kusimama, aliinua lile bomba ajaribu. Likapanda. Akaongeza kopo. Likapanda. Mama Junior wa nyumba ya pili akamwonya kwamba mwanamke akibeba vyuma huota mabega ya baunsa, akajibiwa na Jemadari mwenyewe: homoni inayojaza misuli kwa wingi, wanawake wanayo kidogo sana kuliko wanaume, na hata wanaume wenyewe, "mtazame Baba Nasra", hawavimbi kirahisi. Mama Junior alinitazama, akaridhika, na siku chache baadaye akaja na kanga kiunoni kufanya na yeye.

Matokeo yake ndiyo yaliyoniumiza. Uzito wa Jemadari haujashuka kwa maana, lakini magauni aliyokuwa akivaa wakati Redio ni mchanga yanamwingia tena. Anayepunguza kula bila kutumia nguvu hupoteza mafuta na misuli pamoja. Anayebeba uzito huku anakula protini ya kutosha huibakiza misuli, pengine akaongeza, na mafuta ndiyo yanayoondoka. Mizani haioni tofauti hiyo. Fundi cherehani anaiona. Siku hizi mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao hizo 15 ni za gesi tu na chuma ni habari nyingine, anaupandisha ngazi mwenyewe. Nikitaka kusaidia ananiambia nitangulie kufungua mlango.

Mjomba Chuma akaona anapokonywa ukubwa, Ijumaa akaja kujitamba jikoni akiwa na fulana isiyo na mikono. Mama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akamsikiliza mwanawe akisifu kifua, kisha akasukuma sinia pembeni, akainuka. Hakushika ukuta, hakushika goti. Mama amevuka miaka 70.

"Haya baba," akamwambia mwanawe, "keti weye."

Shemeji akaketi juu ya ile mbuzi, sentimita chache kutoka sakafuni. Mama akampa sinia la nazi alishike kwa mikono miwili, akamwambia inuka. Kifua kilitangulia, miguu ikabaki ikijadiliana. Alijaribu tena akiwa mwekundu wa macho, mwisho akaegemea kabati la vyombo, na vikombe viwili vya harusi yetu vikatangulia mbele ya haki.

Jemadari alifurahi kupita kiasi, maana hospitalini hupima nguvu za miguu za wazee kwa kuhesabu ni mara ngapi mtu anaweza kuinuka kitini kwa nusu dakika bila kutumia mikono. Na misuli hii isipofanyiwa kazi huanza kupungua pole pole mtu akiwa bado na miaka 30 na kitu. Mama amekaa na kuinuka juu ya mbuzi maisha yake yote. Juu ya hapo, kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi ya viungo Zanzibar, anaungana na matembezi na raba zake nyeupe. Halua anakula, kipande kimoja baada ya kahawa. Sahani nzima huwa anamwekea mkwewe.

Sasa Mama ndiye kocha mkuu. Kabla ya chakula cha usiku watu wazima wote tunapita kwenye mbuzi, tunakaa, tunainuka, sinia mkononi, mara mbili mpaka tatu kwa wiki. Ni kiwango ambacho hata Shirika la Afya Duniani halina ugomvi nacho, maana linataka misuli ifanyiwe kazi angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 mpaka 300 za kutembea kwa kasi au mfano wake. Kutembea nimepangiwa kumfuata Redio na kukanusha habari zake.

Jana tepu ya fundi ilisoma sentimita 101. Mkaguzi akaipima tena, kwa kutoniamini, ikabaki palepale. Jemadari anasema ni dona na vyuma. Mama anasema ni halua, mwanaume alikuwa hana nguvu tu. Mimi nimekubaliana na wote wawili, kwa kuwa nalala kwa mmoja na nala kwa mwingine.