Bwana Megapikseli

Kijana wetu wa Base Camp, kule makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, anataka kuwa mpiga picha. Kila akifika Mbarara swali ni lilelile: kamera ya megapikseli 24 itatosha, au asubiri ya 45? Yote hayo, bwana, ili picha ipite WhatsApp ibanwe kama dagaa guniani, kisha ionekane kwenye simu yenye kioo cha nyufa! Televisheni ya HD kamili yenyewe haivuki sana megapikseli 2.

Hapa Ruharo, Mbarara, tuna hospitali ya macho inayojulikana mbali. Ila huu ugonjwa wa kupima kamera kwa namba hauna dawa ya matone.

Mshauri achukue Canon 2000D ya mtumba, lenzi ya milimita 50 inayopendezesha sura za watu, betri mbili (sola ikigoma, bibi harusi hangoji) na mfuko wa kuzuia vumbi. Anakunja uso: eti hiyo ni ya wanafunzi. Na yeye je, profesa? Juzi nilimkuta na mkanda wa kamera shingoni. Mkanda mtupu!

Ndugu msomaji, ukimwona mwambie harusi ya Jumamosi kapewa mwenye simu.